Masikio Mapya ya Koko Nalangu

Ewuaso Kedong
Jumatano, 5 Machi 2025

Mjukuu wangu Ezra,

Sopa. Najua umejibu "Epa" hapo ulipo Kitengela, hata kama mdomo umejaa mkate. Mimi ni mzima. Mbuzi ni wazima, isipokuwa yule wa pembe moja aliyekula kitambaa cha meza cha kanisa, na tangu siku hiyo anatembea polepole kama mzee wa kanisa. Mama yako amenitumia gunia zima la vitunguu kutoka Illasit, kana kwamba nimefungua hoteli. Wiki jana nilikuwa Kimuka kwa dada yako Rachel. Tumbo lake linafika mlangoni kabla yake. Anasema ni Julai.

Umeuliza mara tatu kwa nini sishiki simu. Nakujibu mara moja: netiwaki ya huku imeharibika. Naona taa inawaka, nasema halo, halo, na huko ndani hakuna mtu. Tuandikiane barua. Nilifundisha watoto wa nasari kushika penseli kwa miaka thelathini na moja, sitaona haya kushika yangu. Sankale anapeleka nyanya soko la Kitengela kila Alhamisi. Yeye na pikapu yake ndio watakuwa posta yetu.

Sasa habari za dunia. Ninyi vijana mnafikiri sisi wa huku hatuoni maendeleo. Nilipokuwa Kimuka niliona treni ya SGR ikipita. Zamani ilikuwa ikipita, vikombe vinacheza kabatini. Sasa inapita kimya kabisa, kama nyoka juu ya mchanga. Hao wahandisi wamefanya kazi. Hata pikapu ya Sankale, iliyokuwa ikikohoa unaisikia kutoka barabara kuu, nadhani ameinunulia injini mpya. Siku hizi inafika mlangoni kwangu kama mgeni mwenye adabu. Kitu ambacho hakijaendelea ni kwaya. Wale kina mama wamekuwa wavivu, wanafungua midomo tu. Na jogoo wangu amekataa kuwika. Nimempa mpaka Pasaka.

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Nimechaguliwa kwenye kamati ya ardhi ya jamii! Sheria inataka wanawake wawemo, na mwenyekiti Kuntai mwenyewe ndiye aliyetaja jina langu. Kuna kampuni inataka kuweka mabamba ya kuvuna umeme wa jua kwenye ardhi yetu. Kuntai ananikalisha karibu naye kila mkutano. Heshima kama hiyo sijawahi kuipata tangu babu yako afariki.

Kula vizuri. Kazi yako ya kompyuta iko aje?

Koko yako,
Nalangu


Kitengela
Jumanne, 11 Machi 2025, saa nne asubuhi

Koko mpendwa,

Nainamisha kichwa, weka mkono unisalimu. Huku tuko salama. Maji ya mfereji yamerudi baada ya siku tisa, na ploti nzima ilitoka nje kupiga makofi kama tumefunga bao. Hongera sana kwa kamati! Nilimsomea jirani yangu habari hiyo, akapiga vigelegele mpaka keateka anayelinda ploti akaja kuuliza kama ni harusi. Anaitwa Dolphine Nalianya, ni nesi, mtu wa Bungoma, anakaa mlango wa pili. Ni jirani tu, Koko.

Kuhusu netiwaki, nilikupigia Jumapili na ukashika. Nikasema, "Koko, nimehama nyumba." Ukasema, "Nyama? Kula, mjukuu wangu, usiache mfupa." Nikapaza sauti, "NIMEHAMA!" Ukasema, "Hata supu usimwage." Halafu ukakata. Kwa hivyo nakuandikia sasa: nimehama. Niko na chumba kimoja nyuma ya soko. Ile nyumba ya kwanza ilikuwa kubwa sana kwa mtu mmoja.

Habari za huku ni simba. Ameonekana tena upande wa mbuga, na WhatsApp ya ploti ikajaa picha. Picha ya kwanza alikuwa simba kweli. Ya pili alikuwa amepanda bodaboda. Ya tatu amevaa miwani na kubeba sukuma wiki. Hiyo inaitwa akili bandia, Koko, mashine inatengeneza picha ya kitu ambacho hakijawahi kutokea. Siku hizi mtu akikwambia kuna simba hujui ukimbie ama ucheke. Keateka alicheka, akaenda kufunga geti, halafu akarudi mbio. Wa kwanza alikuwa bado hapo nje.

Kazi iko sawa.

Mjukuu wako,
Ezra


Ewuaso Kedong
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Mvua imeanza kwa adabu, nyasi zimetoa vichwa. Mama yako ananipigia kuhusu vitunguu, lakini unajua netiwaki.

Hiyo akili bandia nimeiona. Sankale alinionyesha kwenye simu yake mbuzi akihubiri, amevaa suti na kola nyeupe. Sikusikia mahubiri yenyewe kwa sababu ya upepo, lakini midomo ilikuwa inaenda vizuri sana. Nikamwambia Sankale, huyu namkubali, amemaliza kabla ya mchungaji wetu kufungua Biblia.

Jogoo nimemchinja. Pasaka ilikuwa mbali na uvivu wake ulikuwa karibu. Wamaitha wa duka amekuja kunilaumu, eti jogoo huyo ndiye aliyekuwa akimwamsha kila asubuhi aende kufungua. Nikamwambia aache kuota ndoto. Amekataa kula hata bawa.

Kamati inaendelea. Wanaongea sana, mimi natingisha kichwa. Kuntai anasema hajawahi kufanya kazi na mama mwenye busara kama mimi.

Huyo jirani tu, anapika?

Koko yako


Kitengela
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Koko mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Kesho ni Ijumaa Kuu, na mimi niko mzima, ila hii barua nimeianza mara tatu. Usinikasirikie kabla ya kufika mwisho.

Dolphine anapika. Juzi alipika kuku, nikakumbuka jogoo wako, nikamsomea barua zako zote mbili kwa sauti. Nilicheka peke yangu. Yeye aliweka kijiko chini.

"Soma tena hapo kwa treni," akasema.

Nikasoma.

"Na pikapu. Na kwaya. Na huyo jogoo."

Nikasoma vyote.

"Ezra, treni, pikapu, kwaya na jogoo haviwezi kunyamaza vyote mwezi mmoja. Nyanya yako hasikii."

Nilikataa. Nikamwambia Koko anasikia hata mtu akifikiria sukari. Akaniuliza, "Na nyama? Na supu?" Dolphine anafanya kazi kliniki ya masikio hapa Kitengela, Koko. Anasema wazee wengi wanasingizia netiwaki. Wengine wanasingizia upepo.

Mwezi wa Julai kliniki itafanya kambi, na wazee watapimwa na kuwekewa vifaa bure. Ameandika jina lako kwa penseli. Nikipata jibu lako ataliandika kwa kalamu.

Pasaka njema. Si aibu, Koko.

Ezra


Ewuaso Kedong
Alhamisi, 12 Juni 2025

Ezra,

Tuko wazima.

Barua yako ilipotea chini ya kiti cha Sankale wiki nane. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa nimejitayarishia. Ukweli ni kwamba ilikaa chini ya godoro langu. Nilikuwa naitoa, naisoma, nakasirika, nairudisha.

Nilikasirika kwa sababu mtu akijua husikii, anaanza kukuongelesha kama mtoto na kukuamulia kama ng'ombe. Niliona walivyomfanya shemeji yangu. Walimwacha kwenye kiti mlangoni, wakawa wanamzunguka kama kinu. Niliapa mimi hapana. Nikajifunza kusoma midomo, kucheka wengine wakicheka, na kutingisha kichwa.

Sasa sikia kichwa hicho kimenifanyia nini. Juzi Wamaitha alinikamata dukani, akaniuliza kwa hasira, uso kwa uso ili nione midomo, "Mama, kwa nini umewapa watu wa jua ardhi ya kisima?" Nikasema sijampa mtu kitu. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Imeandikwa kwamba kamati imekubali, na mwakilishi wa wanawake ameunga mkono kwa kutingisha kichwa! Kutia sahihi kwenyewe ni Septemba, mbele ya jamii yote.

Kisima hicho nilikichimba na kina mama ishirini na wawili, Ezra. Baba yako alikuwa mgongoni mwangu. Nilikaa dukani kwa Wamaitha nikalia mpaka akanipa soda.

Mwambie Dolphine aandike kwa kalamu.

Na kwa sababu tunaulizana, nami nauliza. Barua yako ya Machi uliandika Jumanne saa nne asubuhi. Zamani saa nne ulikuwa umefunga masikio na vile vidude, unaandika maneno ya Wazungu, hata salamu hujibu. Chumba kimoja nyuma ya soko. "Kazi iko sawa." Mimi sisikii, lakini nasoma.

Koko


Kitengela
Alhamisi, 19 Juni 2025

Koko mpendwa,

Ameandika kwa kalamu nyekundu, akachora mstari chini yake. Alhamisi tarehe kumi Julai Sankale atakuleta mbele, si nyuma na nyanya. Njooni na njia ya Kiserian na Isinya, haina msongamano. Utalala kwa Dolphine kwa sababu chumba changu hakina pa kugeukia.

Hayo mengine tutaongea ukiwa na masikio.

Ezra


Ewuaso Kedong
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mjukuu wangu Ezra,

SOPA! Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeisema kwa sauti nikiandika, na nimejisikia.

Nimerudi salama. Asante ya wiki mbili haitoshi kwenye karatasi, lakini acha nikueleze safari yangu upya, maana wewe uliniona nikifika tu. Kwenda, niliketi mbele kama malkia. Kule juu Ngong yale mapanga makubwa ya umeme wa upepo yalikuwa yanazunguka polepole, nikamwambia Sankale, "Hiyo mitambo haina kelele hata kidogo." Akaendelea kuangalia barabara. Tulipofika Isinya nikaona mbuni amesimama karibu na duka la simu kama anangoja kuweka laini. Halafu Kitengela yenu. Nilipafahamu wakati ni nyasi na swala. Sasa ni ghorofa juu ya ghorofa, nguo zinaning'inia mpaka mbinguni.

Ile kambi. Dolphine hajakwambia yote, kwa hivyo nitakwambia mimi. Kwanza walitoa nta ya kutosha mshumaa. Halafu wakanifungia kwenye kijumba chenye dirisha la kioo, daktari akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Mimi si mjinga. Niliona kwamba kila akicheza mlio anapepesa macho. Akipepesa, nabonyeza. Daktari akashangaa, akasema masikio haya ni ya msichana. Dolphine akamnong'oneza kitu, daktari akageuka akanipa mgongo. Ezra, nilikaa humo kama niko chini ya maji. Sikubonyeza hata mara moja. Hapo ndipo nilijua nimepoteza kiasi gani.

Siku waliponiwekea vifaa, Dolphine aliuliza, "Koko, unasikia?" Nikageuka kuangalia nani ameingia, sauti ilikuwa karibu hivyo. Halafu nikasikia chembe chembe, kama mvua ndogo inanyesha ndani ya nyumba. Nikauliza ni nini. Akagusa hereni zangu. Miaka yote nimezivaa, nilikuwa nimesahau kwamba zinaongea. Uliniona nikitingisha kichwa na kucheka, ukafikiri nimechanganyikiwa.

Kurudi, nilimwambia Sankale azime injini pale Ngong. Yale mapanga yananguruma, Ezra! Voo, voo, voo. Pikapu yake haina injini mpya, ina ile ile, na ni mgonjwa. Tulipopita Kimuka, Rachel alikuwa amejifungua siku nne tu. Mtoto alilia kama gari la wagonjwa. Rachel akasema, "Koko, mbebe basi." Nikamwambia, "Ngoja kwanza, bado nasikiliza." Na treni ikapita, vikombe vikacheza.

Kwaya wanaimba vizuri. Mwimbishaji wa pili anaenda juu sana, lakini wanaimba. Nimemwomba Wamaitha msamaha kwa ajili ya jogoo na kumpelekea mwingine. Na Jumapili nilisikiliza mpira kwenye redio kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Stars walipopiga Morocco moja bila, mtangazaji karibu ameze kipaza sauti, nami nikaruka mpaka kikombe kikaanguka. Nilisikia kikivunjika. Sauti nzuri sana. Mahubiri nayo yamekuwa marefu kuliko nilivyokumbuka, lakini Enkai, Mungu wetu, ni mwema, vifaa vina kitufe cha kuzima.

Wanaojua hapa ni wawili tu, Wamaitha na Sankale, na wote nimewaapisha. Kitambaa changu cha kichwa kinafunika. Kwenye kamati bado natingisha kichwa.

Sasa niko na masikio. Ongea.

Koko yako


Kitengela
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Koko mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama sokoni, Sankale akinisubiri. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu. Alhamisi zote hizo, Sankale hakuwa ananiletea barua nyumbani. Alikuwa ananikuta sokoni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namshushia kreti za nyanya. Nilimwapisha. Kumbe wewe pia ulimwapisha. Huyu mtu amebeba siri nyingi kuliko nyanya.

Kazi yangu iliisha Januari. Nilikuwa nasikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuziandika, unakumbuka. Asubuhi moja tukapata barua pepe ya mistari mitatu: mashine sasa inasikiliza yenyewe, asanteni. Ile ile akili bandia niliyokuwa nakuchekesha nayo kwa simba wake. Niliona aibu, Koko. Wewe ndiye uliuza ndama nikaenda chuo. Nilifikiri nikikwambia utajuta. Kwa hivyo nikahama, nikanunua daftari, nikaanza kukuandikia barua ndefu, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee niliyokuwa nayo yenye mtu wa kuisoma.

Sasa sehemu ya pili, na hapa ukae chini. Unakumbuka ile siku ulikuwa kwenye kijumba cha kioo? Nje kwenye benchi kulikuwa na wazee kumi na sita kutoka Isinya na Kajiado, wengi wanajua Kimaa peke yake. Daktari alikuwa anawauliza kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, na wao wanamwangalia tu. Nikaanza kutafsiri nikikungoja. Mzee mmoja hakusikia hata Kimaa, nikapiga magoti mbele yake ili aone midomo yangu, polepole, vile nilikuona wewe ukiniangalia. Akanielewa. Akanishika kichwa, akanibariki mbele ya watu wote.

Jana daktari ameniita. Wanataka mtu wa kuzunguka na kambi kaunti nzima, Isinya, Namanga, mpaka Illasit kwa mama, mtu wa kuongea na wazee, kuandika majina na kuwafundisha kubadilisha betri. Nikamwambia sina cheti cha hospitali. Akasema, "Cheti nilikiona kwenye benchi." Naanza tarehe moja Septemba, Koko! Nimepiga kelele mpaka keateka amekuja tena kuuliza kuhusu harusi.

Safari hii Dolphine hakumjibu hapana. Alicheka tu.

Ezra


Ewuaso Kedong
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mjukuu wangu Ezra, mfanyakazi,

Sopa, wewe na Dolphine. Rachel na mtoto wazima, mtoto ananona. Mama yako alinipigia jana tukaongea saa nzima kuhusu vitunguu, na sikukata. Kuhusu ndama, nisikilize vizuri: ningeuza mwingine kesho. Usinifichie tena njaa.

Najua Sankale amekupa vipande vya habari ya mkutano. Amevitia chumvi. Hii hapa yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini Septemba. Mvua ilitishia, kwa hivyo tukaingia darasa la nasari, lile lile nililofundisha. Watu walijaa mpaka madirishani. Sisi wa kamati tulikalia viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mimi niliketi katikati, Kuntai kushoto, na kulia yule mtu wa kampuni mwenye viatu vilivyochongoka. Mpima ardhi, kijana mmoja anaitwa Muteti, alikuwa amesimama pembeni na ramani zake. Mtu wa kampuni akasoma maneno mengi mazuri. Umeme, taa, kazi kwa vijana. Umeme siupingi, Ezra, ndio unaochaji masikio ya wenzangu wenye vifaa vya kisasa. Halafu watu wakaanza kuuliza maswali, na hao wawili wakaanza kunong'onezana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni ua.

"Wakiuliza kisima?" Kuntai akasema.

"Kiko ndani ya mstari. Sema kiko nje. Wakishatia sahihi hakuna atakayesoma."

"Na huyu?"

"Si ulisema hasikii?"

"Hasikii. Ndiyo maana nilimchagua. Anatingisha kichwa tu."

"Basi atingishe."

Hapo nilielewa ile heshima yote. Sitakuficha, iliniuma. Nilihisi machozi yamefika. Halafu nikasikia hereni zangu zikilia, chembe chembe, kwa sababu nilikuwa natetemeka, na hasira ikanishika mkono ikaninyanyua.

"Nina neno," nikasema. Watu wakanyamaza. Hawakuwa wamenisikia nikiongea mkutanoni tangu nichaguliwe.

Nikafungua kitambaa cha kichwa. Polepole. Nikageuza upande huu, nikageuza upande huu, wote wakaviona vifaa. Kisha nikarudia mazungumzo yao, neno kwa neno, sauti ya huyu na sauti ya huyu, mpaka "basi atingishe." Nilikuwa mwalimu wa nasari, Ezra. Kuigiza fisi na sungura ndiyo kazi niliyolipwa.

Ungesikia kimya kile! Nami nilikisikia.

Yule wa viatu akasema, "Mama huyu ni mzee, amesikia vibaya." Sikujibizana naye. Nikaenda ubaoni, nikachukua chaki, nikachora. Mlima huu hapa. Josho la ng'ombe hapa. Njia ya mifugo hapa. Kisima hapa. Nikamgeukia Muteti nikampa chaki. "Kijana, wewe ndiye umepima. Chora mstari wenu unapita wapi."

Alimwangalia mtu wa kampuni. Akaniangalia mimi. Akaja ubaoni na kuchora mstari, na mstari ukameza kisima, josho na njia yote ya mifugo. "Mama amesema kweli," akasema. "Niliwaambia ofisini waseme wazi." Mkono wake ulikuwa mweupe kwa chaki, na nilimpenda kama wewe.

Basi darasa lililipuka. Wale kina mama waliochimba kisima na mimi, tisa waliobaki, walisimama wote mara moja wakaanza kuimba. Mtu wa kampuni alijaribu kuinuka haraka, kiti cha nasari kikainuka naye. Hakuna aliyetia sahihi. Ile karatasi ya ukutani kwa Wamaitha ilichanwa na Wamaitha mwenyewe.

Kampuni ilileta mtu mwingine, mama mmoja mpole anayeongea polepole. Jumamosi iliyopita tulikaa tena. Muteti alikuja na ramani mpya, mstari umerudi nyuma ya mlima kwenye mawe matupu, kisima nje, josho nje, njia nje. Mkataba nimeusoma kila ukurasa kwa sauti mbele ya jamii, Kiswahili kisha Kimaa. Ilichukua saa tatu. Hakuna aliyeondoka. Tumetia sahihi. Kisha wakachagua mwenyekiti mpya, mikono ikainuka kama majani. Ni mimi, Ezra. Mwenyekiti. Safari hii hakuna aliyeniweka, nimechaguliwa na watu wanaojua ninasikia.

Jana jioni nilikuwa nakamua mbuzi, nikasikia hatua. Ni Kuntai. Alikuja peke yake, amebeba sukari. Akasimama nyuma ya ua muda mrefu. Nikamwacha asimame.

"Mama Sironka," akaniita kwa jina la baba yako, "nimekosa."

"Umekosa sana," nikamwambia. "Umewakosea wale kina mama kuliko mimi. Utaenda kwa kila mmoja, nyumba kwa nyumba, uyaseme hayo hayo."

"Nitaenda."

Nikaendelea kukamua. Hakuondoka. Akasogea, akainama karibu na sikio langu, ingawa hapakuwa na mtu ila mbuzi.

"Hivyo vitu," akasema. "Vinauma?"

"Kwa nini?"

"Sikio langu la kushoto lilikufa mwaka wa tatu sasa. Na hili la kulia naona linafuata." Akaangalia chini. "Siku ile mkutanoni nilinong'ona kwa sauti kubwa hivyo kwa sababu sijisikii."

Ezra, nilicheka mpaka mbuzi akamwaga maziwa. Kwanza alikasirika, halafu naye akaanza kucheka, tukacheka wote wawili mpaka Wamaitha akatoka dukani kuangalia kuna nini. Kisha nikamkalisha, nikavitoa vifaa vyangu, nikamwonyesha vinavyowekwa. Huyu mzee ni mkosaji, lakini hakuna mtu anayestahili kukaa chini ya yale maji.

Kwa hivyo, kama mwenyekiti, naagiza kambi ya masikio ije Ewuaso Kedong kabla ya Krismasi. Darasa la nasari liko tayari. Andika jina la Kuntai juu kabisa ya orodha, kwa kalamu, na chini yake uache karatasi nzima wazi. Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza nani ana shida ya netiwaki.

Koko yako,
Nalangu, Mwenyekiti